Upele, Vipele na Mzio: Maneno Matatu Katika Kadi ya Mtoto

Miongoni mwa maneno yaliyofanikiwa katika Kiswahili cha afya, neno mzio lina nafasi ya mbele. Limeingia katika kamusi, katika vitabu vya shule, katika matangazo ya redio na katika karatasi zinazofungwa pamoja na dawa. Mfasiri akutanapo na habari ya mtu ambaye mwili wake unaikataa dawa fulani au chakula fulani, hana haja tena ya kuhangaika. Neno analo, tena ni neno letu wenyewe la zamani, halikukopwa majuzi. Sisi hatuna ugomvi na neno hilo. Tunalotaka kusema katika makala haya ni kwamba limekuwa likitumika mahali pasipo pake, na kwamba anayelipia kosa hilo si mfasiri, bali ni mtoto mgonjwa.

Tulipata kukaa asubuhi moja katika zahanati iliyo kwenye njia ya Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam. Aliingia bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, umri wake yapata miaka sita. Mtoto alikuwa ameumwa koo na homa, na jana yake alikuwa ameanza kunywa amoksilini. Muuguzi alimwamkia bibi kwa adabu, kisha akamwuliza, "Bibi, mtoto ana upele?" Bibi akajibu, "Hana upele, mwanangu. Hajikuni hata kidogo. Lakini mguse mwenyewe, ngozi imekuwa msasa." Muuguzi alimgusa, akatikisa kichwa, akaandika katika kadi: "Ana mzio wa penisilini. Asipewe tena." Bibi akauliza kilichoandikwa, akasomewa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na dada yake tusimpe."

Sisi si madaktari, wala hatudai kujua mtoto yule alikuwa na nini. Muuguzi mwenyewe alifanya kazi yake kwa huruma, na aliona heri kujihadhari. Lakini katika mazungumzo yale mafupi maneno mawili ya Kiswahili yalipishana njiani mara mbili, na kila mara pakapotea jambo ambalo daktari angetaka kulijua.

Tuanze na upele. Katika vitabu vingi vilivyofasiriwa, neno hili limewekwa liwe jina la kila kitokacho juu ya ngozi. Mfasiri huliona katika kamusi, hulichukua, huendelea na safari. Lakini kwa watu wa mwambao, upele ni maradhi maalumu: ni yale yawashayo usiku, yakaayo katikati ya vidole na viungoni, yaambukizayo nyumba nzima. Methali yetu imsemayo mtu aliyeota upele naye hana kucha ingekosa maana kama upele haungekuwa kitu cha kukunwa. Kwa hiyo mzazi wa Kaole au wa Mlingotini aulizwapo kama mtoto ana upele, swali analolisikia ni hili: je, mtoto anajikuna? Akijibu hana, amesema kweli. Aliyekosea ni aliyechagua neno.

Tena wazee hawa hawakukosa majina. Wanayo surua na tetekuwanga, wanayo harara itokayo wakati wa joto la kaskazi, wanayo ukurutu, choa, mba, mabaka na majipu. Kila jina lina sura yake, majira yake na dawa yake. Atakayetaka kujua jinsi watu wa Mrima walivyozungumza juu ya maradhi, waganga na miiko kabla ya hospitali kuenea anaweza kuanzia katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni maneno ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande huo huo wa Bagamoyo. Hapana umaskini wa maneno hapa. Upo uvivu wa kuuliza.

Neno lifaalo kwa maana pana ni vipele, katika wingi wake na udogo wake. Vipele ni chochote kidogo kiinukacho juu ya ngozi, kiwashe kisiwashe. Tofauti ya upele na vipele yaweza kuonekana kama tofauti ya kiambishi tu, jambo la kumpa mwalimu wa sarufi kazi ya asubuhi. Mbele ya daftari la zahanati ni tofauti ya ndiyo na hapana.

Jambo la pili ni rangi. Vitabu vya Ulaya, visemapo habari za homa ambayo wengine huifasiri "homa nyekundu", husema kwamba mwili wa mtoto huwa mwekundu. Wafasiri wetu wamefuata, wakaandika "vipele vyekundu" na "ngozi kuwa nyekundu kama iliyoungua na jua". Homa hii husababishwa na kijasumu kile kile kiumizacho koo, yaani streptokoka wa kundi A, anapotoa sumu yake mwilini. Vipele vyake hutokea aghalabu siku moja au mbili tangu homa kuanza, huanzia shingoni na kifuani, huzidi katika mikunjo ya kwapa na kinena, na baada ya siku kadhaa ngozi ya vidole huambuka. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida, pengine usionekane kabisa. Kinachobaki ni mparuzo. Ngozi hushikwa ikawa kama karatasi ya kupigia msasa, na ndivyo madaktari wa nchi zote wanavyoieleza. Yule bibi alisema neno lilo hasa. Sisi tunao mti uitwao msasa, wenye majani ya kukwaruza ambayo mafundi walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani, na mti ndio ulioipa karatasi jina. Mfasiri aliyetuandikia wekundu alikuwa na msasa karibu yake, akauacha.

Hali kadhalika ulimi. Kitabu husema ulimi hufanana na tunda la stroberi, na mfasiri huandika "ulimi wa stroberi" kwa msomaji wa Saadani ambaye tunda hilo hajapata kulishika. Aandike tu: ulimi mwekundu wenye vinundu. Hapo wekundu una haki yake, kwa kuwa ulimi wa kila mtu ni mwekundu na waweza kuzidi.

Sasa twende kwenye mzio, ambao ndio moyo wa maneno yetu. Tangu zamani mzio ni chakula au kitu ambacho mtu hujizuia nacho kwa sababu humdhuru, au kwa sababu ni mwiko kwake. Mmoja mzio wake ni pweza, mwingine ni nyama ya mnyama fulani. Mzio haukujaribiwa mara ya pili ili kuhakikisha. Ulipokwisha kutajwa ulikaa, na mara nyingi ulikuwa wa nyumba nzima au wa ukoo. Waliolichukua neno hili wakalipa maana ya kitabibu walifanya kazi nzuri, kwa kuwa kiini kimo: kitu kiwafaacho wengine kinamdhuru huyu mmoja. Lakini neno likihamia nyumba mpya huja na mizigo yake. Daktari anapoandika mzio, akilini mwake mna jambo linaloweza kupimwa, kuthibitishwa na hata kufutwa. Mzazi anaposikia mzio, husikia mwiko. Ndiyo maana bibi alimkumbuka mjukuu wa pili, ambaye hakuwapo wala hakuumwa. Hakuwa mjinga, alikuwa anakijua Kiswahili.

Neno aleji, ambalo vijana wa Dar es Salaam wanalipenda, halituondolei taabu. Huko mitaani limekwisha kuwa chuki tupu: fulani ana aleji na kazi, fulani ana aleji na waongo. Heri mzio.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani mtoto kukatazwa dawa moja wakati dawa ni nyingi? Hasara ipo, tena ni kubwa. Penisilini ni dawa rahisi kwa bei, iliyojaribiwa kwa miaka mingi, na mpaka leo streptokoka wa kundi A hajaonekana kuwa sugu kwake. Koo la streptokoka lisipotibiwa vyema, baada ya wiki mbili au tatu mtoto mmoja mmoja hupatwa na homa ya baridi yabisi, na homa hiyo yaweza kuharibu vali za moyo. Mtoto aliyekwisha kupatwa nayo huhitaji kuchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili isimrudie. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya maradhi haya ya moyo, na kwetu wagonjwa wake hupokewa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili. Mtoto wa namna hiyo, ikiwa kadi yake ya utotoni imeandikwa mzio bila sababu ya kutosha, amefungiwa mlango wa dawa aihitajiyo kuliko zote.

Na kufungiwa bure si jambo la nadra. Huko Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, karibu mtu mmoja katika kila kumi husema kwamba ana mzio wa penisilini, lakini wapimwapo, zaidi ya tisa katika kila kumi ya hao huonekana wanaweza kuitumia. Wengi wao waliandikiwa utotoni kwa sababu ya vipele tu.

Vipele hivyo vyaweza kuwa na asili nyingi. Vyaweza kuwa vya streptokoka mwenyewe, kama tulivyokwisha kusema. Vyaweza kuwa vya kirusi, maana makoo mengi ya watoto huumizwa na virusi, wala dawa ya kuua vijasumu haikuhitajiwa tangu mwanzo. Yupo hata kirusi ambaye akikutana mwilini na amoksilini huweza kuleta vipele vingi pasipo mzio wa kudumu. Ni kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 katika chembe za uvimbe zilizotoka kwa wagonjwa wa Uganda, uvimbe ule wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala. Vipo tena vipele vya amoksilini ambavyo hutokea siku ya tano au ya saba ya dawa, huanzia kiwiliwili, huwasha kidogo au visiwashe, na huondoka vyenyewe. Na upo mzio wa kweli, ambao haufanani na hivyo. Aghalabu huja upesi, katika dakika chache au saa moja baada ya kunywa au kuchomwa dawa: mabaka yaliyovimba, yawashayo sana, yanayotoweka hapa na kuibuka pale, midomo na macho huvimba, pumzi hukaza, mtoto hutapika au huzirai. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Hali kadhalika mtoto ambaye ngozi yake inatoa malengelenge na kinywa na macho yake vinafanya vidonda, hata kama ni siku nyingi tangu aanze dawa.

Basi neno moja limefanywa lizibebe hali zote hizi, na likaelemewa. Upande mmoja linamtisha mzazi ambaye mtoto wake ana vipele vya kupita. Upande wa pili, na hili ni baya zaidi, linampumbaza mwenye mtoto aliye hatarini: kwa kuwa amezoea kuwaona majirani wenye "mzio" wakipona kwa kuoga maji ya vuguvugu, naye huoga mtoto akangoja.

Hayo mabaka yanayohamahama hayana jina moja lililokubaliwa na wote. Mashine za kufasiri za siku hizi, zikipewa jina lake la Kiingereza peke yake, huweza kutuletea mizinga ya nyuki, kwa sababu Waingereza wametumia neno moja kwa vyote viwili. Ni heri kuyaeleza kwa maneno manne kuliko kuyabandika jina ambalo mama atalichekea.

Tuongeze neno juu ya majina ya ugonjwa wenyewe, maana hapo pia pana mtego. Baadhi ya wafasiri huandika dondakoo kwa koo lolote lenye vidonda. Dondakoo ni jina la ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao watoto huchanjwa pamoja na pepopunda na kifaduro. Mama aliyekamilisha chanjo akisoma kwamba mwanawe ana dondakoo ana haki ya kuuliza chanjo ilifanya kazi gani. Mafindofindo ni bora, lakini husema mahali paliposhikwa, hayasemi aliyepashika. Na kimeo? Katika mkoa wa Pwani na kwingineko jina hili limewapeleka watoto wengi kwa wakataji, kwa kuwa ugonjwa ukiitwa kimeo, dawa yake imekwisha kutajwa ndani ya jina, nayo ni kisu. Madaktari wa Muhimbili wameandika habari za watoto waliofikishwa kwao mahututi baada ya kukatwa. Sisi twapendekeza koo la streptokoka. Tungeweza kuunda jina kutokana na asili yake ya Kigiriki, maana hao ni punje zilizotungwa kama mkufu, tukasema kijasumu-mkufu. Lakini jina hilo lingemfurahisha mwundaji kuliko msomaji.

Kwa dawa zenyewe, kiuavijasumu ni neno jema, kwa kuwa linataja mpaka wake: linaua vijasumu, halikuahidi kuua virusi. Walimu walieleze hivyo darasani. Ila kuna jambo ambalo wenye maduka ya dawa muhimu wanalijua kuliko sisi. Kadi husema penisilini, na chupa dukani husema amoksilini au ampisilini. Mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa kweli huiona chupa, haoni neno alilokatazwa, hununua. Hapa yafaa kuandika sikuzote "dawa za jamii ya penisilini, zikiwamo amoksilini na ampisilini". Maneno ni mengi, karatasi ni ndogo, lakini hatuoni njia fupi iliyo salama.

Kwa kadi ya mtoto tungependa neno mzio lilindwe. Litumike pale ambapo dalili za hatari tulizozitaja zimeonekana, au pale ambapo daktari amethibitisha. Kwa vipele vingine vyote iandikwe kilichoonekana na wakati wake, pasipo kutaja asili: "vipele vilivyotokea akiwa katika dawa", jina la dawa, siku ya ngapi, vinawasha au haviwashi, vilianzia wapi. Hakuna aliyelazimishwa kujua sababu siku ile ile. Na ikiwa ni lazima kuwa na neno moja kwa taabu ndogo zinazoletwa na dawa, tunalo maudhi, ambalo wauguzi wa uzazi wa mpango wamelitumia muda mrefu na akina mama wanalielewa. Maudhi huvumilika na hupita. Madhara, ambalo vipeperushi vingi hulipenda, huonyesha kwamba kitu kimekwisha kuharibika.

Wako watakaosema kwamba wananchi hawatashika tofauti ndogo namna hii. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wa vijijini walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadili vyoo, maji na mbu, na walioandaa vipindi vile hawakuona haya kueleza jambo kwa urefu uliohitajika. Bibi tuliyemkuta zahanati alikuwa ameipambanua ngozi ya mjukuu wake kwa usahihi kuliko swali aliloulizwa. Hatusemi kwamba mzazi aamue mwenyewe kuendelea na dawa au kuiacha. Vipele vyovyote vinavyotokea mtoto akiwa katika dawa ni vya kuonyeshwa kwa tabibu, na upesi. Tunasema kwamba tabibu aulize kwa neno ambalo mzazi ataweza kulijibu.

Limebaki swali la jina la yale mabaka yanayovimba na kuhama. Tunaamini lipo mahali fulani, Mafia au Tanga au Lamu, vinywani mwa wakunga na wavuvi ambao huyaota wakila kaa au kamba. Msomaji alijuaye na atuandikie, ataje na mahali alipolisikia, na kama wenyeji hulitumia kwa mabaka hayo tu au hata kwa vipele vingine.